Hendibreki ya umeme inashika mara ya tatu: ni swichi, au ni kalipa?

*"Fundi, asalaam aleikum. Nina Honda Vezel ya 2016. Naishi Likoni na kazi yangu iko kisiwani Mombasa, kwa hivyo feri navuka kila siku. Tangu mvua za mwezi uliopita hendibreki imeanza kunichezea. Navuta swichi mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ndiyo inashika. Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi na haizimiki. Fundi wa kwanza ameniambia kalipa zote mbili za nyuma zimekufa, ninunue mpya. Wa pili anataka tukate waya tuweke swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima, eti itafanya kazi 'dairekti'. Wa tatu amechomoa fyuzi, akasema gari lina gia ya P, hendibreki ya nini? Mtoto aliwahi kumwaga madafu hapo katikati ya viti, sijui kama yanahusika. Swichi nimeiona dukani. Naweza kuifunga mwenyewe? Na kwa sasa nivuke vipi?"*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kabla ya yote, ile fyuzi irudishwe leo. Kwenye magari ya aina hii hendibreki haikai peke yake, huwa inazungumza na kompyuta ya ABS (ile inayozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki ghafla) na ya kuzuia gari kuteleza. Ukizima mmoja unaweza kuwa umewapofusha na wenzake, na taa ya njano inayokukera sasa ndiyo inayokuambia kuna tatizo. Breki ya mguu itaendelea kufanya kazi, maana hiyo inatumia mafuta ya breki, lakini sioni sababu ya kupunguza ulinzi wa gari ili dashibodi ipendeze.

Na huyo aliyesema P inatosha, usimsikilize, hasa wewe unayevuka feri. P si breki. Ndani ya giaboksi kuna kidole kidogo cha chuma kinachoingia kwenye meno ya gia na kuizuia isizunguke. Kimetengenezwa kiwe msaidizi. Ukiegesha pale kwenye mteremko wa kushukia feri, wakati maji yamekupwa na njia imeinama kweli kweli, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kile kidole. Utajua kwa ule mlio wa "kruk" unapotoa P. Siku kikivunjika, gari litakwenda zake, na mbele yako huenda amesimama mama na mtoto mgongoni.

Sasa tuje kwenye kalipa, kile kishikio kinachobana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu. Sijaliona gari lako, lakini maneno yako mwenyewe yananipa shaka na hukumu ya fundi wa kwanza. Umesema ukivuta mara ya tatu inashika. Kalipa iliyokufa haishiki mara ya tatu, na si kawaida mota mbili, moja kulia na moja kushoto, zife siku moja halafu zifufuke pamoja siku hiyo hiyo. Kitu kinachogoma magurudumu yote mawili kwa wakati mmoja kiko kabla ya njia kugawanyika: swichi, soketi yake, waya wake, betri, au kompyuta yenyewe. Kompyuta ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Ili uelewe kwa nini, tazama kazi inavyofanyika. Hendibreki ya zamani ilikuwa kamba ya chuma: unavuta mkono, kamba inakaza breki za nyuma. BMW waliiweka ya umeme kwenye Series 7 ya mwaka 2001, Volkswagen wakaileta kwenye Passat ya 2005, na leo magari mengi yanayoshushwa bandari ya Kilindini yanayo, kuanzia Vezel hadi Harrier. Kwenye gari kama lako, kila kalipa ya nyuma imebeba mota yake ndogo. Mota inazungusha gia, gia zinazungusha parafujo, parafujo inasukuma pistoni na pedi zinabana diski. Mota ikishasimama, parafujo inabaki pale pale bila kuhitaji umeme. Ndiyo maana betri ikifa usiku breki haitajiachia gari likaondoka. Wengi wanaogopa hilo bure. Tatizo lake ni kinyume: betri ikifa, breki iliyoshika haitaachia hata ukitaka.

Swichi unayoivuta haipeleki umeme kwenye mota hata kidogo. Inapeleka habari kwa kompyuta. Na kwa kuwa habari yenyewe ni nzito, ndani ya swichi hakuna njia moja ya umeme, ziko kadhaa. Ukivuta, baadhi zinaungana na nyingine zinaachana, na kompyuta inazisoma zote kwa pamoja. Zikikubaliana, mota zinazunguka. Zikipingana, kompyuta inafanya kama kadhi aliyeletewa mashahidi wawili, huyu akasema aliuza na yule akasema hakuuza: haihukumu. Inakataa amri, inawasha taa ya njano na kuandika kumbukumbu. Mara ya tatu, kwa bahati, vile vibati vya ndani vimegusana sawasawa, mashahidi wamekubaliana, breki imeshika. Lakini taa inabaki, kwa sababu lile la kwanza limeshaandikwa.

Hapo ndipo madafu yanapoingia. Ndiyo, yanahusika, tena pengine sana. Maji ya dafu yana sukari na chumvichumvi. Yakikauka yanaacha utando unaonata juu ya shaba, na utando huo unavuta unyevu. Wakati wa kaskazi kavu unaweza usione lolote kwa miezi. Mvua zikianza, hewa ikawa nzito, utando unalowa na umeme unaanza kupita pasipopitwa. Wewe mwenyewe umesema ugonjwa umeanza na mvua. Ongeza na hewa yetu ya chumvi, ambayo haihitaji mtoto amwage kitu ili iitafune shaba, na hata mtu anayelaza gari mbali na ufuo hapa Mombasa ataikuta kwenye soketi zake siku moja.

Kuhusu ile "dairekti", naomba nikaze sauti kidogo. Usiruhusu mtu akate waya huo. Mota hii inazunguka upande mmoja kufunga na upande wa pili kufungua, na kompyuta inapima umeme unaoliwa ili ijue pedi zimebana kiasi gani, halafu inaukata. Swichi ya taa ya sebuleni haijui kupima. Ukiishikilia sekunde mbili zaidi, mota inaendelea kulazimisha mpaka imeungua au meno ya gia yamekatika, na hapo utanunua kalipa kweli. Kuna na baya zaidi. Ukivuta swichi ya kweli na kuishikilia gari likiwa kwenye mwendo, kompyuta hutumia breki zote kukupunguza kwa utaratibu, magurudumu yasifunge. Swichi ya dairekti akiigusa mtoto ukiwa kwenye barabara ya Dongo Kundu, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga na gari likageuka.

Kabla hujatoa hela dukani, fanya vipimo vichache visivyo na gharama. Egesha mahali tambarare, pawe kimya, zima redio na feni ya eesi, fungua madirisha ya nyuma. Mtu mwingine asimame karibu na gurudumu la nyuma, wewe vuta swichi. Inaposhika, asikilize mlio wa mota, "zzzii", kisha aende upande wa pili mrudie. Mlio ukitoka pande zote mbili kwa nguvu sawa kila inapokubali, na inapokataa pawe kimya kabisa pande zote, mota zako ni nzima na mshukiwa ni swichi au njia yake. Ukisikia upande mmoja tu, au mmoja unakwaruza na kujivuta, basi fundi wa kwanza ana nusu ya haki, na ushauri wangu unabadilika: peleka gari likaguliwe hiyo kalipa.

Kisha betri. Joto letu linaua betri haraka kuliko watu wanavyodhani, na mota hizi zinakula umeme mwingi kwa ghafla. Kipimo cha volti kionyeshe karibu 12.6 gari likiwa limelala, na kati ya 13.5 na 14.7 injini ikiunguruma. Ikiwa betri inasoma 11 na kitu, hendibreki kulalamika ni haki yake. Tibu betri kwanza.

Halafu mambo mawili ambayo watu huyaita ubovu wa swichi na si ubovu. Hendibreki hii haiachii kwa kubonyeza swichi mpaka kompyuta ijue umekanyaga breki. Itajuaje? Kwa ile swichi ndogo iliyo juu ya pedali, ambayo ndiyo pia inayowasha taa nyekundu za nyuma. Mwambie mtu atazame taa zako ukikanyaga. Zisipowaka, mgonjwa wako yuko miguuni. La pili ni mkanda. Kwenye Honda, breki kujiachia yenyewe ukikanyaga mafuta kunahitaji mkanda uwe umefungwa, na kile kitufe kilichoandikwa BRAKE HOLD, kinachoshikilia breki ukisimama, nacho ni hivyo hivyo. Nimeona watu wakigombana na gari zima kumbe mkanda umekaliwa. Kwako wewe shida iko kwenye kufunga, kwa hivyo haya mawili hayakuhusu sana, ila yajue.

Kipimo kimoja tu kinafaa kulipiwa: mashine ya kusoma hitilafu, lakini iwe mashine inayoingia kwenye mfumo wa breki. Vile vifaa vidogo vya bluetooth vinavyouzwa bei ya chakula cha mchana mara nyingi vinasoma injini tu, vitakuambia gari ni zima huku taa inakutazama. Mwambie fundi wa umeme asiishie kwenye namba za hitilafu. Aombe mashine ionyeshe hali ya swichi moja kwa moja, wewe ukivuta na kubonyeza mara nyingi polepole. Kwenye kioo cha mashine utaona neno la kuvutwa linatokea na kupotea. Ukivuta kumi likaonekana mara nne, shauri limekwisha, na umelipia kipimo badala ya kalipa mbili.

Tuseme imethibitika ni swichi. Unaweza kuifunga mwenyewe? Ndiyo, kama mikono yako ni mitulivu. Kubadilisha swichi hakugusi kalipa wala mafuta ya breki. Ni kazi ya plastiki na soketi.

Kwenye kununua nitasema ninavyoona. Swichi mpya halisi ndiyo ningeifunga kwenye gari langu. Ya mtumba kutoka gari lililokatwa Japani ni chaguo la heshima kama bei ya mpya inakushinda, mradi uitazame pini zake kwa tochi na kuinusa. Ndiyo, inuse: yenye soda au kahawa ndani huwa inajitangaza. Ya kuiga sina imani nayo hapa. Kitu cha kwanza wanachopunguza ni vile vibati vya ndani, na vibati ndivyo unavyonunua. Ukienda dukani nenda na swichi yako mkononi, mlinganishe namba iliyobandikwa nyuma, idadi ya pini na umbo la soketi, maana kwenye Vezel swichi ya hendibreki na kitufe cha BRAKE HOLD kwa kawaida huja pamoja, na matoleo yanatofautiana. Na kuisafisha ile ya zamani? Soketi isafishe kwa dawa ya kupuliza ya viunganishi vya umeme, mara nyingine tatizo linaishia hapo. Kuipasua swichi yenyewe na kusugua vibati kunaweza kukupa muda, ila usiutegemee kwa kitu kinachozuia gari lisiingie baharini.

Siku ya kazi, egesha tambarare, weka P, na gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yawekewe jiwe au kigingi pande zote mbili. Zima gari, toa ufunguo uuweke mbali, kisha fungua waya wa hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa. Usiruke hili. Chini ya sehemu ile ya kati ya viti ndipo hukaa kompyuta ya mifuko ya hewa, na hutaki kuchezea waya karibu yake ukiwa na umeme. Kama Vezel yako ni haibridi, nyaya nene za rangi ya machungwa popote utakapoziona ziache kama zilivyo.

Plastiki za kati hazina skrubu nyingi, zimeshikwa na klipu. Tumia kile kijiti cha plastiki cha kung'olea, au kadi ngumu. Bisibisi itakuachia makovu ambayo utayatazama miaka yote. Anza pembeni, sikiliza klipu ikiachia, sogea polepole. Ukishainua, usivute: chini kuna nyaya fupi. Bonyeza ulimi wa soketi ndipo uchomoe, ushike soketi, si waya. Sasa washa tochi utazame. Pini nzima inang'aa. Pini yenye shida ina ukungu wa kijani kwenye shina lake, na kama ni madafu utaona utando wa kahawia umeganda kwenye kona za plastiki, ukiugusa kidole kinanata. Ikiwa kijani kimeingia mpaka upande wa waya, swichi mpya peke yake haitakuponya. Simama hapo, mwite fundi wa umeme abadilishe na soketi. Ikiwa upande wa waya ni safi, puliza dawa, acha pakauke kabisa, futa utando wote uliomwagika pembeni, kisha funga mpya mpaka usikie "tak".

Kabla hujarudisha plastiki, rudisha betri, washa gari, lipe dakika limalize kujikagua. Kanyaga breki, bonyeza kuachia, vuta kufunga, rudia mara kadhaa. Mlio uje kila mara. Taa ya njano inaweza kujizimia yenyewe au ikahitaji mashine ifute kumbukumbu. Madirisha ya kupanda kwa mguso mmoja na saa huenda vikasahau kazi yao kwa sababu ya betri, hilo ni la kawaida na kitabu cha gari kina maelezo. Kisha tafuta mteremko mpole usio na watu, simama, funga hendibreki, weka N (gia huru) mguu ukiwa juu ya pedali bila kukanyaga. Gari lisisogee hata kidogo.

Mpaka siku hiyo, kuvuka kwako kuwe hivi. Kama unaweza kuzunguka Dongo Kundu, zunguka, hata kama mafuta yanauma. Ukilazimika kupanda feri, kaa na kigingi kizuri garini na uwaambie wahudumu kabla hujaingia kwamba hendibreki yako inasumbua, wakuweke sehemu tambarare na si kwenye mlango. Kila unapoegesha, fuata mpangilio huu: mguu kwenye breki, weka N, vuta hendibreki usikie mlio, legeza mguu taratibu gari litulie juu ya breki, ndipo uweke P. Isiposhika, usishuke kabla ya kigingi kuwekwa.

Kuna hali ambazo hazingoji swichi wala wikiendi. Taa ya njano ikiwaka pamoja na ya ABS, au ile nyekundu ya breki ikianza kumeta, peleka gari. Ukisikia harufu ya kuungua nyuma, au baada ya safari fupi rimu moja ya nyuma ni ya moto kuliko mwenzake (sogeza kiganja karibu tu, usiishike), pedi zinaburuta na diski inaweza kupinda. Na ikitokea breki imeshika ikagoma kuachia, usiliburute gari kwa kamba. Jaribu kwanza kulipatia umeme kutoka betri ya gari jingine, mara nyingi linaachia. Likikataa, fundi anayejua atafungua bolti za mota kwenye kalipa na kurudisha parafujo kwa mkono, magurudumu yakiwa yamezuiwa, au utabebwa juu ya lori. Angalia pia siku ya kubadilisha pedi za nyuma: mota lazima zirudishwe kwa mashine kwanza. Fundi akija na klempu kubana pistoni kwa nguvu, mzuie. Kalipa nyingi zinazoitwa "zimekufa" ziliuawa siku hiyo.

Ukishafunga swichi mpya na taa ikarudi baada ya siku chache, usinunue ya pili. Mwambie fundi wa umeme afuate waya kutoka kwenye swichi hadi kwenye kompyuta, na soketi za mota zilizo nyuma ya magurudumu, kule maji ya chumvi yanakorukia. Mpe na karatasi au picha ya namba za hitilafu za mwanzo. Zile mpya zikiwa tofauti na za kwanza, hilo litamfupishia kazi sana.